Usisafiri Bila Mpira

Nilikata tangazo la babu yangu vipande vinane nikayajalidia madaftari ya shule. Naanza hapo hapo, maana nikitanguliza maelezo mtadhani najitetea. Sikuwa mtoto, niko kidato cha tatu na nina ndevu nne, nazihesabu. Wala siwezi kusema sikujua ni kitu gani. Nilijua. Nilichukua mkasi wa dukani, ule Mama anaokatia viraka vya pancha, nikalikata kwa sababu moja tu: niliona utani ndani yake. Na mimi nikishaona utani siuachi, kama paka na kichwa cha samaki.

Duka letu liko Gerezani, pale maduka ya spea yanapoanza kubanana mpaka huwezi kujua gia hii ya nani na bampa ile ya nani. Mama anauza matairi yaliyotumika na kuziba pancha. Akinyanyua tairi la lori peke yake, mafundi wa jirani wanajifanya wanaangalia simu. Kabla yake duka lilikuwa la Babu, baba yake Mama, aliyekuja mjini kijana kutoka Lindi na kurudi Lindi mzee. Alipoondoka alimwachia Mama jeki mbili, pampu moja, na tangazo moja la kwenye fremu ya kioo.

Hilo tangazo, jamani. Mimi nimezoea matangazo ya siku hizi. Kariakoo kila ukuta una bango la plastiki: betri, oili, tairi, taa, namba za simu sita, na mtu anayecheka meno yote, kachukuliwa kwenye intaneti, hajawahi kubadilisha tairi tangu azaliwe. Bango lile linakupigia kelele. La Babu halikupigii kelele. Lilikuwa kubwa, karibu nusu ya mlango, karatasi nene iliyoanza kuwa rangi ya chai ya maziwa. Limechorwa kwa mkono halafu likachapwa. Lori la kijani linateremka mlima kwenye barabara nyekundu, na nyuma ya mlima, mahali ambapo mtu mwingine angechora jua, mchoraji kachora tairi. Tairi kubwa jeusi, linachomoza. Kila kashata ya tairi lile, yale manundu yanayoshika barabara, imechorwa peke yake, na kila moja ina kivuli chake. Nilipokuwa darasa la kwanza nilikaa chini yake nikijaribu kuzihesabu nikalala.

Dereva katoa kichwa dirishani, kavaa kofia, anakuangalia wewe. Ukisogea kushoto anakuangalia. Ukisogea kulia anakuangalia. Vumbi limepakwa kwenye nusu ya chini ya lori tu, kama vumbi la kweli linavyofanya. Na pembeni ya barabara kuna kuku. Lori linakuja, kuku kasimama, kageuza shingo kidogo, wala haogopi. Yule kuku ndiye tangazo lenyewe ukinifuata mimi. Mchoraji hakuandika kwamba tairi lake linashika barabara. Kachora kuku asiye na wasiwasi.

Maneno yalikuwa machache, upande wa kulia, mstari chini ya mstari, kwa herufi nyekundu zilizonenepa: USISAFIRI, halafu BILA MPIRA, halafu WA AKIBA. Basi. Zamani tairi liliitwa mpira wa gari, kwa hiyo wazee waliosoma walielewa tu kwamba beba spea. Lakini mimi sikuzaliwa zamani.

Sasa sikia ilivyokuwa. Mama alipata habari kwamba Babu anakuja mjini kufanyiwa operesheni ya macho. Alikuwa na mtoto wa jicho, yote mawili, miaka mingi, mpaka watu akawa anawatambua kwa sauti na kwa harufu ya sabuni. Mama akaamua kupaka ukuta wa duka rangi. Akalitoa tangazo kwenye fremu, akalikunja kama mkeka, akaliweka nyuma ya kabati pamoja na kalenda za zamani. Wiki hiyo hiyo mwalimu wa nidhamu akatangaza kwamba kufikia Jumatatu kila kaunta buku liwe limejalidiwa, na asiyejalidi asije.

Jumapili Mama akaniambia, "Nenda nyuma ya kabati chukua kalenda, ujalidi madaftari yako."

Nikaenda. Kalenda zilikuwepo. Lakini tangazo lilikuwa limejikunjua kidogo, na sehemu iliyojitokeza ilikuwa ile ya maneno mekundu. Nikayaona yale maneno, nikaliona kaunta buku la Baiolojia, nikaona mstari ambao mkasi ungepita, chini ya BILA MPIRA na juu ya WA AKIBA. Niliona pia sura za wenzangu Jumatatu. Nikakata. Ukishakata kipande kimoja vilivyobaki havina maana tena, ndivyo nilivyojiambia, nikavikata vyote. Pale mkasi ulipopinda nikanyoosha ukingo, na ule uzi mwembamba wa karatasi uliobaki nikautupa. Vipande vikawa vinane, mimi nina kaunta buku sita. Viwili nikampa jirani yangu wa dawati, aliyekuwa hana karatasi na aliyekuwa na chipsi mayai.

Jumatatu mwalimu wa Baiolojia aliingia, akasema kaunta buku juu ya dawati. Jirani yangu alikuwa tayari kaingiza uso ndani ya shati. Mwalimu alifika kwetu, akachukua langu, akasoma kimya. Kisha akasoma kwa sauti ile anayosomea maswali ya mtihani.

"Usisafiri. Bila. Mpira."

Darasa likaanguka. Kuna mtu alitoka nje bila ruhusa.

"Huu ni ushauri wako kwa taifa?" akauliza.

"Ni tangazo la matairi, Mwalimu."

"Matairi."

"Ndiyo, Mwalimu. Zamani tairi liliitwa mpira."

"Na neno linalofuata liko wapi?"

"Liko kwenye Jiografia, Mwalimu."

Darasa likaanguka mara ya pili, na hii ya pili ilikuwa kubwa kuliko ya kwanza, na sijutii. Yeye hakucheka. Akasema Jiografia nibaki nayo, ila hili la Baiolojia atakuja kulichukua mama yangu, kwa mkono wake. Mapumziko jirani yangu alinipiga begani akasema, "Mwanangu, umetisha." Nilitembea siku nzima kama mbunge.

Nilifika dukani mchana nikakuta Babu ameshashuka. Kakaa juu ya tairi, kanzu nyeupe, fimbo kati ya magoti, macho kama maziwa yaliyomwagiwa maji.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Nani huyo, mwizi wa mke wangu?"

"Ndiye mimi. Bibi kanisalimia?"

"Kasema amekusahau. Kasema ulikuwa na masikio makubwa, zaidi ya hapo hakumbuki."

Kwetu babu na mjukuu ni watani, mume mwenza na mume mwenza, na tungeweza kuendelea hivyo mpaka magharibi. Lakini Mama alikuwa katikati ya ubishi wake mwenyewe na yeye, akaurudia.

"Nati sita, Baba."

"Tano," Babu akasema. "Gurudumu la mbele la lori lile la kwenye tangazo lina nati tano. Tangazo lile nimelibandika nchi nzima."

"Nimelitazama kila siku tangu uondoke."

"Kutazama siyo kuhesabu. Lilete hapa tumpe huyu ahesabu."

"Rangi haijakauka, nimeliweka. Na asihesabu mtu. Utahesabu mwenyewe."

Babu akageuza uso upande wa sauti yake. Kisha akasema, bila utani wowote, kwamba hiyo ndiyo sababu amekubali kupasuliwa. Watu Lindi walimwambia macho ya uzeeni yaachwe yapumzike. Yeye amesema hapana, kuna kitu mjini anataka kukiona. Wajukuu atawaona, bahari ataiona, lakini jicho likifunguliwa tu apelekwe dukani, alione tangazo lake. Mama akamwambia, "Utaliona Jumamosi, Baba. Nimekuahidi."

Mimi nilikuwa nimeshika begi la shule kifuani. Ndani yake kulikuwa na dereva, mlima na nusu ya kuku.

Operesheni ilikuwa Ijumaa asubuhi, kitambaa kutolewa Jumamosi. Nilikuwa na siku nne. Jumanne nilivua majalada yangu. Jumatano nilimwomba jirani yangu viwili vyake.

"Haiwezekani, nimeshaandika jina," akasema.

"Umeandika wapi?"

"Pale juu, kwenye mawingu. Na kidato."

Kweli. Kwa kalamu nyeusi nene, juu ya mbingu ya mchoraji yule, kulikuwa na jina lake na KIDATO CHA TATU B. Alinirudishia kwa masharti ya kumwandikia notisi za Historia mwezi mzima. Vikawa saba.

Alhamisi Mama alikwenda Kariakoo kununua solusheni ya kubandikia viraka, akaniacha dukani na Babu. Nikafikiri: haoni. Nikavitandaza vile saba sakafuni taratibu, nione kama vinaungana.

"Hiyo karatasi gani?" Babu akauliza.

"Gazeti tu, Babu."

"Gazeti linanong'ona. Hiyo inakohoa." Akanyoosha mkono. "Lete."

Nikampa kipande cha mlima. Akakipapasa, akafika ukingoni, akaufuata ukingo ule ulionyooka kwa kidole gumba mpaka kwenye kona, akageuza kona, akarudi. Mtu anayejua karatasi hahitaji kuambiwa.

"Vingapi?"

"Vinane. Saba viko hapa."

"Na cha nane?"

"Kiko kwa mwalimu wa Baiolojia."

"Mwalimu wa Baiolojia anataka mpira wa nini?"

Nikamweleza. Nilieleza vibaya, kwa mara ya kwanza utani wangu ulinitoka mdomoni ukiwa mzito. Babu alisikiliza kainamisha kichwa. Nilipofika pale pa Jiografia mabega yake yakaanza kutikisika, akajizuia, yakatikisika tena. Akapangusa macho yake yale yasiyoona. Kisha akakirudia kile kipande, akaupapasa ukingo wake mpaka nikatamani acheke tena.

"Unajua mimi nilibandika mangapi ya haya?" akasema. "Tajiri wangu alikuwa na stoo hapa hapa Gerezani, matangazo yakija kwenye boksi napewa mimi, na baiskeli, na ndoo. Gundi napika mwenyewe, uji wa unga wa muhogo. Siyo ugali. Ukiwa mzito karatasi inakunjamana, ukiwa mwepesi inateremka. Uwe kama uji wa mgonjwa aliyeanza kupata nafuu. Unapaka ukuta kwanza, unapaka karatasi, unaanza juu, unatoa brashi katikati kwenda nje. Ukianzia pembeni hewa inabaki ndani, kesho tangazo lako lina kitambi."

"Ulibandika wapi?"

"Wapi sikubandika? Mnazi Mmoja nilibandika pale vijana walipokuwa wanacheza kabumbu. Makusudi. Timu ikienda kucheza ugenini inasoma, usisafiri bila mpira. Wakawa wananitania njia nzima." Akakigeuza kipande. "Kwa hiyo utani wako si mpya. Mimi niliufanya bila mkasi."

Hapo ndipo iliniuma. Angenitukana ingekuwa afadhali.

"Kuta zote zile zimevunjwa," akasema. "Limebaki hili."

"Nisamehe, Babu."

"Siwezi. Mimi mtani wako. Mtani hachapi wala hasamehi, mtani anacheka tu. Mwenye duka ni mama yako. Akirudi mwambie. Kwa sasa washa jiko, tupike gundi."

Tulipika kwenye sufuria ya chai. Alikuwa anachovya vidole viwili, anavifungua na kuvifumba, anasema bado, bado, sasa. Nilikuwa nimesimama na mwiko Mama aliporudi. Akaona sufuria, akaona mimi, akaona sakafu.

Nilisema yote kwa pumzi moja. Mama alichuchumaa. Alikigusa kila kipande kwa ncha ya kidole, kama anayepima tairi lililotoboka ajue msumari umeingilia wapi. Alipofika kwenye mawingu alisoma KIDATO CHA TATU B, midomo ikacheza bila sauti.

"Kipande cha lori kiko wapi?"

"Kwa mwalimu. Amesema ukichukue wewe."

"Kesho," akasema. Neno moja. Mama akipunguza maneno, kimbia. Lakini nilikuwa sina pa kukimbilia, maana Babu alikuwa kanishika shati, sijui kwa kunizuia au kwa kunitegemea.

Ijumaa Mama alimpeleka Babu hospitali alfajiri, akamwacha na mjomba, akaja shuleni moja kwa moja. Kavaa lile gauni la kazi lenye alama nyeusi za matairi mapajani. Mwalimu alitoa kaunta buku kwenye droo, akaliweka mezani. Mama akasoma jalada.

"Mama, umeona kijana wako alichofanya?"

"Nimeona, Mwalimu." Mama akaligeuza nyuma, akaligeuza mbele. "Shikamoo hajui kuitoa vizuri, lakini mkasi anaujua."

Mwalimu aligeukia dirishani akatazama nje kwa muda mrefu, na nje hakukuwa na kitu. Mabega yake yalinikumbusha ya Babu. Akasema kwa dirisha kwamba nitafagia maabara wiki mbili. Mama akasema tatu. Wakakubaliana tatu.

Mchana ule tulilitandaza mezani. Mimi nilidhani tutabandika karatasi ya gundi juu ya mikato. Mama alinipiga kibao mkononi.

"Kiraka kinakaa ndani," akasema. "Ukikiweka nje kila mtu atajua una pancha."

Tukalipindua kifudifudi. Akanituma nyuma ya kabati nilete zile kalenda za zamani, zile zile nilizotumwa Jumapili. Tukazipaka uji wa muhogo, tukazilaza nyuma ya vipande, mwezi mmoja mmoja. Nilitoa brashi katikati kwenda nje. Mama alikuwa anaunganisha kingo kwa kucha, kashata kwa kashata, kofia ya dereva kwa uso wake. Nikaona jinsi mchoraji yule alivyofanya kazi: hata mahali ambapo kioo cha fremu kilikuwa kinafunika, pembezoni kabisa ambapo hakuna mtu angeona, alikuwa kachora majani. Majani mazima, na mishipa yake. Nilimheshimu mtu huyo kuliko ninavyoheshimu watu wengi ninaowajua. Ningekuwa na subira ya jani moja tu la kwake, hayo yote yasingetokea.

Jumamosi kitambaa kilitolewa jicho la kulia. Babu aliingia dukani kavaa miwani myeusi ya hospitali, mkono mmoja kwa Mama na mwingine kwangu. Njiani alikuwa anasoma mabango yote ya Gerezani kwa sauti, moja moja, kama mtoto wa chekechea, huku akilalamika kwamba yana kelele. Ndani ya duka akasimama mbele ya tangazo, limerudi kwenye fremu yake ukutani. Akavua miwani.

Mikato ilionekana. Sitadanganya. Ilikuwa kama mistari ya kiganja. Babu alisogea mpaka pua ikakaribia kioo, akaanzia chini.

"Kuku wangu," akasema. "Bado haogopi."

Akapanda taratibu. Vumbi. Lori. Dereva, akasogea kushoto, akasogea kulia, akamkuta bado anamtazama, akamsalimia kwa kichwa. Tairi lile linalochomoza alilitazama mpaka nikaanza kuhisi miguu yangu. Kisha mbinguni.

"Hiki nini huku mawinguni?"

"Kidato cha Tatu B, Babu."

"Wamefika mbali." Akashuka kwenye gurudumu la mbele, akainua kidole. "Moja, mbili, tatu, nne, tano." Kidole kikasimama kwenye mkato. Pale, chini kabisa ya gurudumu, ukingo uligusana na ukingo, na katikati kulikuwa na kidoti cha rangi ya fedha, chembamba kama ukucha uliokatwa. "Hapa palikuwa na nini?"

Nikakumbuka ule uzi mwembamba wa karatasi niliokata na kuutupa. "Mkasi ulipita, Babu. Sijui."

"Tano," Babu akasema.

"Sita, Baba. Moja imeliwa na mkasi wa mjukuu wako."

"Tano, na hicho ni kivuli."

"Kivuli cha rangi ya fedha?"

Walibishana hadi adhana ya adhuhuri, na wanabishana mpaka leo kwa simu, kila Ijumaa, na hakuna atakayeshinda kwa sababu ushahidi niliutupa mimi. Babu alikataa kukalia tairi lake pale pa kawaida. Aliomba liviringishwe upande wa pili, likae likiangalia ukuta ule, akaketi, mikono juu ya fimbo, jicho moja likiwa limefunguka wazi.

Mama alichukua ufagio akanipa. Akasema taratibu, Babu asisikie, na maneno yake nayaandika kama alivyoyasema:

"Wakikuuliza nani kalikata, sema wewe. Wakikuuliza nani kaliunga, usiseme wewe. Na madaftari yako bado yako uchi. Magazeti hayo hapo, jalidi yote, na lile la Baiolojia ulijalidie ukurasa wa tanzia."